Tulivyoziba Matundu

Keateka, msimamizi wa ploti yetu pale Mashimoni, Kibera, alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote: mpangaji asiguse ukuta. Tope likidondoka, liache lidondoke. Fito zikitokeza, ziache zitokeze. Ukipatikana unakandika, hata kama ni kiganja kimoja cha udongo, vitu vyako vinatolewa nje. Sababu yake aliwahi kunieleza mwenyewe, amesimama mlangoni kwangu anachokonoa meno.

"Mama, leo utakandika ukuta, kesho utasema nyumba ni yako. Nawajua nyinyi."

"Sasa si mwenye nyumba atume fundi. Upepo unaingia kama tuko nje."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Ama alimwambia, na mwenye nyumba akasema wacha wakae hivyo hivyo. Mwenye nyumba mimi sikuwahi kumwona kwa macho, kwa hivyo lawama yake nampa keateka aibebe yote, mpaka siku watakayokaa chini wagawane wenyewe.

Majina ya hawa watu ninayo. Sikuyasahau hata moja. Lakini hapa nitawaita kwa kazi zao, maana wengine wana watoto ambao hawakunikosea. Shule mimi niliishia darasa la tano, na mambo ninayoyaandika niliyajifunza kwa ngozi.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwezi wa saba. Anayejua Nairobi anajua Julai. Jua halitoki, mawingu yanakaa juu ya mabati kama kifuniko cha sufuria, na baridi inatoka chini, kwenye sakafu, inapanda na miguu. Mwezi huo ndio nilijifungua, na mtoto alikuja kabla ya siku zake, wa miezi saba. Msichana. Mkono wake mzima ulikuwa na unene wa kidole changu. Walikaa naye hospitalini siku kumi, wakamfunga pamba, halafu wakaniambia nimpeleke nyumbani kwa sababu vitanda vilikuwa vimejaa, akina mama wawili wawili kwa kitanda kimoja.

Nesi aliyenipa kadi alikuwa na haraka, lakini maneno yake hayakuwa mengi na niliyashika yote. "Huyu hana mafuta mwilini. Hawezi kujipa joto. Akipoa, atakuacha. Umesikia? Mpe joto."

Nilisikia. Nikambeba huyo mtoto ndani ya leso tatu hadi Mashimoni, nikamweka kwenye kitanda, na jambo la kwanza niliona ni leso ya juu inacheza. Ilikuwa inapepea. Mlango nilikuwa nimefunga.

Chumba chetu kilikuwa futi kumi kwa kumi. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa fito na udongo, na udongo umeshaanguka kiasi kwamba ungeweza kupitisha kijiko katikati ya fito ukampa mtu uji. Kwa mbele mabati, yenye matundu ya misumari ya kazi iliyotangulia. Juu, mahali ukuta unapokutana na paa, kulikuwa wazi kabisa, upana wa kiganja, kuzunguka chumba chote. Taa ilikuwa haiwaki sawa ndani ya nyumba hiyo. Na harufu ya omena za jirani, wale dagaa wa ziwani, ilikuwa inaingia bila kubisha.

Huyo jirani alikuwa mjane kutoka upande wa ziwa, mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya reli. Alianika omena zake kwenye gunia kwenye kichochoro cha nyuma, chini ya ukuta wangu. Tulikuwa tunasalimiana, tunagombana, tunasalimiana tena.

Sasa nieleze ni wapi nilipata ujuzi wangu, maana huo ujuzi ndio nusura utuue.

Kabla ya kuolewa nilikuwa msichana wa kazi katika nyumba kubwa ya mawe, mlimani kupita Kawangware, kwa mama mmoja mzee aliyefiwa na mumewe. Sebule yake ilikuwa na jiko la ukutani, lile la kuota moto tu, si la kupikia, na dohani yake ilipanda hadi juu ya paa. Yule mama alikuwa bahili wa joto kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Aliniambia moto ule ni mwizi. Unapowaka unakupa joto usoni, kumbe mgongoni kwako unavuta hewa ya nyumba nzima na kuipeleka nje kupitia dohani. Siku moja aliniambia nishike unyoya wa kuku mbele ya tundu la moto uliozimika. Nikauachilia. Unyoya ukapanda wenyewe, ukaingia dohani, ukaenda.

"Umeona? Hayo ni makaa yangu ya jana yanaenda," alisema.

Kwa hivyo nilikuwa na kazi zangu kila jioni. Kushusha mapazia mazito. Kulaza chini ya mlango ule mto mrefu uliojazwa mchanga, mfano wa nyoka. Kusogeza magogo nyuma kabisa ili matofali yashike joto. Na kazi kubwa kuliko zote, kufunga kifuniko cha chuma kilichokuwa ndani ya koo la dohani. Ulikuwa unaingiza mkono, unavuta mkono wa chuma, na dohani inazibwa. Asubuhi unaingia sebuleni, bado kuna ujoto wa jana.

"Nitajua saa ngapi ya kufunga?" nilimuuliza.

"Moshi ukiisha kabisa."

Hivyo tu. Moshi ukiisha. Miaka mingi baadaye ndipo niliambiwa na mtu mwingine kwamba kile kifuniko hufungwa moto ukishakufa, majivu ukiyagusa ni baridi. Makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo bado yanatoa kitu, na hicho kitu hakina rangi wala harufu. Yule mama alikuwa na vitabu ukuta mzima. Alinifundisha nusu, akaniacha niende na nusu yangu. Yeye namweka wa pili baada ya keateka.

Kibera nzima tulikuwa na imani hiyo hiyo, sikuwa peke yangu. Unawasha jiko nje, unapepea, moshi unatoka mweupe, watu wanakohoa na kukutukana. Makaa yakishika rangi nyekundu na moshi ukiisha, unainua jiko unaingiza ndani. Hiyo ni kawaida ya kila nyumba. Na hakuna aliyekufa, ama mtu akikutwa amekufa na jiko kando yake, maneno yaliyotembea ni kwamba amerogwa. Sasa najua kilichokuwa kinatuokoa. Ni yale matundu. Lakini sitamshukuru keateka kwa ajili ya matundu. Hakuyaacha kwa kunihurumia.

Mume wangu alikuwa kibarua wa mjengo, wakati huo wakijenga karibu na Ayany. Alikuwa mtu mzuri kwa watu wa nje. Jioni ile nilipomwonyesha leso inavyopepea, alikaa kitandani akaangalia ukuta.

"Tukikandika, watatutoa," alisema.

"Tusikandike nje. Tuzibe kwa ndani."

"Na nini?"

Nikamwambia. Jumapili, keateka akiwa kanisani, tulifanya kazi kama wezi. Yeye alileta makatoni kutoka kwa duka na mifuko ya simiti kutoka kazini, ile ya karatasi nzito yenye tabaka mbili tatu. Mimi nilipika gundi ya unga wa ngano, uji mzito sufuria nzima, moyo ukiniuma kwa sababu ule unga ulikuwa wa kula. Wiki nzima nilikuwa nimeokota pakiti za maziwa, zile za pembe tatu, nikazipasua, nikaziosha, nikazikausha. Ndani zina nta, haziingizi upepo. Tulianza na pakiti za maziwa kwenye fito, tukapaka gundi, tukaweka mfuko wa simiti, gundi, katoni, gundi, magazeti. Kule juu ya ukuta tulisokota magunia yaliyojaa matambara tukayashindilia kwa mpini wa ufagio. Chini ya mlango niliweka suruali yake kuukuu, nimeijaza mchanga na kushona miguu. Nyoka wangu mwenyewe.

Jirani wa omena alisikia tukigonga. Akaongea kutoka upande wake.

"Nyinyi watu, mnajificha nani? Mnanifungia ukuta kama mimi ni mchawi?"

"Ni baridi, mama. Mtoto."

"Baridi ama omena?"

Kusema kweli ilikuwa yote mawili, na alijua. Wiki hiyo hatukusalimiana.

Tulipomaliza niliwasha taa ya koroboi nikaiweka katikati ya chumba. Mwali ulisimama wima, haukutingishika hata kidogo. Mume wangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe. "Sasa hii ni nyumba," alisema. Mimi nilikuwa na furaha ambayo leo nikiikumbuka natamani kujipiga kofi. Nilikuwa nimeshinda keateka, nimeshinda Julai, na nilikuwa nimefanya kwa mikono yangu kitu ambacho wenye nyumba za mawe hulipia mafundi.

Kilichobaki ni keateka asijue. Na hapo ndipo wazo la kufuli lilipokuja, na hilo lilikuwa la mume wangu, silichukui. Keateka alikuwa anapita kila asubuhi, mlango kwa mlango. Akikuta mlango umerudishwa tu, anasukuma anaingia, hata kama unaoga. Akikuta kufuli kwa nje, anajua wenyewe wameenda kazi, anapita.

"Nitawafungia kwa nje," mume wangu alisema. "Akiona kufuli hataingia. Wewe nyamaza tu. Si hata hivyo hutoki? Mtoto mwenyewe hafai kutolewa kwa baridi."

"Nikitaka choo?"

"Ndoo si iko."

"Na kukitokea kitu?"

"Kitu gani?"

Sikujua kitu gani. Kwa hivyo kila asubuhi aliwasha jiko nje, akangoja moshi uishe, akaliingiza, akaniwekea maji, akatoka. Nilisikia kufuli ikibana. Halafu viatu vyake vikiondoka. Siku ya kwanza nilikaa kitandani nikijihesabu kama mzigo uliowekwa stoo. Watu walipita kichochoroni, nikawasikia kwa mbali, kama wako chini ya maji, kwa sababu makatoni yalikuwa yamekula sauti pia. Keateka alipita. Aligusa kufuli, nikaisikia ikigonga, nikamziba mtoto mdomo kwa titi ili asilie. Akaenda zake. Hapo nikajua mimi ni mfungwa anayemsaidia askari kazi.

Siku mbili tulifanya hivyo na jiko lililokuwa na makaa machache. Kichwa kiliniuma jioni zote mbili. Nikadhani ni uzazi.

Siku ya tatu baridi ilizidi. Mume wangu akajaza jiko hadi mdomoni na kuyafunika makaa kwa majivu ili yakae hadi mchana. Hiyo ya majivu nilimwagiza mimi. Alipotoka, nyumba ilikuwa na joto la kanisa lililojaa watu. Nilifungua leso za mtoto, moja baada ya nyingine, ikabaki moja. Midomo yake, ambayo tangu azaliwe ilikuwa na rangi ya samawati kidogo, leo ilikuwa na rangi nzuri. Alikuwa amelala, hakulia kutaka maziwa. Nikafurahi. Nikamwambia, umeona sasa, mama amekutengenezea nyumba.

Nikalala kando yake. Sijui ni muda gani. Nilichoamshwa nacho ni kutapika. Niliinua kichwa, na kichwa kilikuwa kimefungwa mkanda na mtu anaukaza. Nikataka kukaa, nikaona miguu yangu iko pale, lakini si yangu. Nikamgusa mtoto. Alikuwa na joto, laini, na shingo yake ilienda upande ule niliousukuma. Nikamfinya paja. Hakulia. Nikamfinya kwa kucha. Akafungua mdomo, sauti haikutoka.

Sikuwa na akili ya kujua ni jiko. Nilitazama jiko, halikuwa na moshi. Nilichojua tu ni kwamba nataka nje. Nilitambaa hadi mlangoni na mtoto kifuani. Nikasukuma. Kufuli ikanijibu kwa upande wa pili. Nikagonga mabati kwa ngumi, lakini ngumi yangu ilikuwa kama ya mtu anayepiga godoro, na mabati yenyewe nilikuwa nimeyabandika katoni tabaka tatu. Nikaita. Nani asikie? Kazi yangu niliifanya vizuri.

Nyoka wa suruali pale chini ya mlango sikumfikiria kabisa, ingawa ningemvuta tu. Akili haikuwepo. Akili ilinipeleka kwenye ukuta wa nyuma, kando ya kitanda, kwa sababu siku zote nikilala upande huo ndipo upepo ulinipiga. Nikachukua kisu cha kukatia mboga ya sukumawiki nikaanza kukwaruza. Ile gundi ya unga ikikauka ni simiti. Gazeti likatoka. Katoni ikatoka kwa vipande vidogo vidogo. Nikasimama kutapika tena. Mfuko wa simiti ukakataa kabisa, ukawa unakunjamana bila kukatika, na nikawa nalia na kuutukana, na kumtukana mume wangu aliyeuleta. Mwishowe kisu kikapita. Nikaona mwanga wa upana wa shilingi. Nikauchimba kwa vidole hadi ukawa wa upana wa kikombe.

Sikuweka pua yangu. Nilichukua mtoto nikambandika uso wake kwenye hilo tundu, kichwa chake kikaingia katikati ya fito mbili, nikamshikilia hapo na mikono yote miwili kwa sababu mikono ilikuwa inalegea. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kitandani, paji la uso kwenye gazeti. Nikaambia huo mwili mdogo: vuta. Vuta basi. Vuta.

Kutoka nje nikasikia mtu akisema, "Wewe mama. Sasa mtoto unamtolea kwa ukuta? Mlango umekukosea nini?"

Ni yule wa omena. Alikuwa ameinama kugeuza samaki zake.

"Nimefungiwa," nilisema.

"Na nani?"

"Baba yake."

"Alikupiga?"

"Hapana. Ni ili keateka asione."

"Asione nini?"

"Karatasi."

Nadhani alinidhania nimerukwa na akili, na hakuwa mbali. Halafu akasogea karibu, akaona uso wa mtoto vizuri, na sauti yake ikabadilika, ikawa ndogo. "Mshike hapo hapo. Usimtoe. Nakuja."

Nilisikia jiwe likigonga upande wa mbele. Mara nne, mara tano. Hakuvunja kufuli, aling'oa bawaba na ubao wake wote. Mlango ukafunguka na mwanga ukaingia kama maji ya mfereji. Alinishika kwapani, akanivuta mimi na mtoto, akatuzungusha hadi kichochoro cha nyuma, tukaanguka juu ya omena zake. Akaingia tena ndani akanusa.

"Hakuna moshi," alisema aliporudi. Alionekana ameogopa. "Nini hii basi? Kwetu wangesema mmerogwa."

Mtoto akakohoa. Kikohozi kidogo, cha paka. Halafu akalia, na huyo mama hakungoja aambiwe. Alimvua ile leso, akafungua vifungo vya gauni lake, akamtumbukiza ndani, ngozi kwa ngozi, kati ya yale matiti makubwa, akafunga sweta juu yake. Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio na mtoto wangu alikuwa anatokwa na kijasho.

"Mafuta ya Mungu haya," aliniambia. "Na wewe unaweka jiko."

Alikaa naye hivyo hadi mchana, akiuza samaki zake, wateja wakimuuliza amezaa lini. Akawajibu amezaa asubuhi, na bei ni ile ile. Nilipopata nguvu akanifunga mimi naye vivyo hivyo. Nikiwa nimekaa pale ndipo nilipounganisha: kichwa kiliniuma kila siku jiko lilipokuwa ndani, na kilichomrudisha mtoto ni hewa ya nje.

Keateka alifika kabla ya mume wangu. Aliona bawaba chini, akaingia, akaona ukuta. Hakuuliza mtoto yuko hai ama amekufa. Alipitisha kidole juu ya katoni, akagonga gonga, nikaona kwa uso wake kwamba kazi ilimpendeza. "Mmejenga nyumba ndani ya nyumba ya mtu," alisema. "Kesho jioni nikute chumba tupu."

Mume wangu aliporudi aliuliza maswali mawili. La kwanza, nani amevunja mlango. La pili, keateka amesema nini. Nilimweleza yote, kutoka jiko hadi tundu. Akamwangalia mtoto ndani ya sweta yangu, halafu akasema neno ambalo nimekaa nalo miaka hii yote.

"Usimwambie dada yangu."

Maana hatukuwa na pengine pa kwenda. Dadake alikuwa Kawangware, ana vyumba viwili, kimoja cha mawe, na tayari alikuwa na maoni yake juu yangu tangu nilipoolewa. Akisikia nimemweka mtoto wa kaka yake kwenye chumba kisichopitisha hewa na jiko la makaa, angejua aseme nini. Kwamba nani alifunga kufuli, hilo lingepotea njiani. Kwa hivyo tulifika Kawangware na vitu vyetu kwenye mkokoteni, na hadithi imeshatengenezwa: keateka ametufukuza kwa sababu tuliziba ukuta ili mtoto apate joto. Yote ilikuwa kweli, ila ilikatwa katikati.

Wifi aliipenda hadithi hiyo kuliko nilivyotarajia. Ilimfanya kaka yake kuwa shujaa. Ndani ya siku chache ploti nzima ya Kawangware ilijua jinsi kaka yake alivyoziba nyumba kwa pakiti za maziwa hadi mwali wa koroboi ukasimama wima, na angalia mtoto wa miezi saba alivyo hai. Akinipita na sufuria yake alisema, "Wifi, waonyeshe mtoto," nami nilifungua sweta nikawaonyesha, nikafunga. Tulikuwa sita ndani ya vyumba hivyo viwili. Dirisha la chumba cha mawe nililifungua kila alipolifunga, na aliniuliza kama nimetoka kwa watu wasiojua baridi. Sikuwa na la kumwambia bila kumwambia yote. Nilitoka futi kumi kwa kumi nikafungiwa ndani ya mdomo wangu mwenyewe, na huko hata kisu hakikuwa na pa kukwaruza.

Mlango wa tatu kutoka kwetu kulikuwa na msichana aliyezaa mapacha, mmoja akafa, mmoja akabaki, mdogo kama wangu. Alikuwa anakaa peke yake. Asubuhi moja alikuja tulipokuwa tunapika nje, wifi akikoroga uji, mimi nikichambua mboga na mtoto kifuani. Alikuwa na makatoni chini ya kwapa.

"Mama, sasa," alinisalimia. "Nimeambiwa wewe ndio fundi. Niambie vile mlifanya. Gundi nimeshapika. Nimeanza na kule juu, nimeweka magunia, lakini hizi za chini sijui zinaanza wapi."

"Umeshaziba juu?"

"Yote. Hata mwali hautingishiki, nimejaribu. Na makaa nimepewa na wifi yako hapa, gunia nusu. Mungu ambariki."

Wifi aliitikia bila kugeuka, amefurahi.

Nilimwangalia huyo msichana. Macho yake yalikuwa na ile furaha yangu ya Jumapili. Mume wangu alikuwa kazini na maneno yake nilikuwa nayo. Paa la kulala nalo lilikuwa la huyo anayekoroga uji mita moja kutoka kwangu, na mtoto wangu alihitaji paa hilo wiki nyingine nyingi. Nilifikiria kumvuta msichana kando, nimwambie kwa siri. Lakini nilijua siri ya namna hiyo haingeshinda hadithi ya wifi. Msichana angeniona nina wivu na kazi ya mume wangu mwenyewe, angeenda kumalizia ukuta.

"Keti," nilimwambia.

"Gundi itakauka."

"Wacha ikauke. Keti nikwambie. Huyu mtoto unayemwona nusura nimuue."

Nikaanza na jiko. Nikamwambia habari ya majivu, kwamba niliagiza mimi. Nikamwambia kuhusu kufuli na nani aliifunga na kwa nini, na mtoto ambaye hakulia nilipomfinya. Nikamwambia kwamba hakukuwa na moshi. Hilo nilirudia mara tatu kwa sababu niliona bado anangoja nimtaje moshi. Leo binti yangu ni mtu mzima, ana akili zake, lakini sikio la kushoto halisikii. Madaktari walisema ni kwa sababu ya kuzaliwa mapema. Mimi sijasomea udaktari na sitabishana nao, ila hawakuwepo asubuhi ile.

Msichana alikuwa ameweka makatoni chini.

"Sasa nitampa joto na nini?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya kutaka kulia. "Yeye ndiye amebaki."

"Mlete."

Akamleta. Nikamwambia afungue blauzi, avue mtoto vyote isipokuwa nepi na kofia, amweke wima, kifua kwa kifua, kichwa upande, pua iwe nje. Nikamfunga leso kwa nguvu, kama nilivyofungwa mimi. Mtoto akajikunja hapo kama amekuwa akipatafuta. Halafu nikamwambia tuende tukatoe magunia ya juu.

"Yote?"

"Yote. Kule juu pabaki wazi. Jiko lipike nje, lizimikie nje."

Nyuma yangu mwiko ulikuwa umenyamaza ndani ya sufuria. Nilisikia uji ukianza kuungua, harufu yake ikatufikia, na hakuna aliyeukoroga. Sikugeuka kumwangalia wifi. Nilichukua ufagio wake uliokuwa umeegemea ukuta, kwa sababu magunia yalikuwa juu na mimi ni mfupi, nikatangulia kwenda chumbani kwa yule msichana.